Mwakilishi Mkuu wa Mashine Isiyokuwepo

Mambo ya Lennox Ndwiga yaliharibika Jumanne, tarehe tatu mwezi wa sita mwaka wa 2025, saa nne asubuhi, katika mtaa wa Dallas mjini Embu. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe alidhani ndiyo siku yalipotengenea. Alirudi chumbani kwake akipiga mluzi, akanyoa ndevu ambazo alikuwa amezinyoa asubuhi hiyo hiyo.

Ilianza na stima. Stima ilikuwa imepotea tangu Jumapili, na wale wanaokaa kwenye ofisi zenye jenereta walikuwa wametangaza kwamba wanashughulikia, neno ambalo mwananchi akilisikia huenda moja kwa moja kununua mishumaa. Lennox alikuwa keateka, mwangalizi wa ploti ya vyumba kumi na viwili. Kazi hiyo aliifanya kwa mkono wa kushoto, kwa maana mkono wa kulia ulikuwa na kazi yake ya kweli, nayo ni kuuza vitu visivyokuwepo. Alishawahi kuuza viti vya mbele katika mkutano ambao haukuitishwa. Alishawahi kumuuzia mwalimu mmoja dawa ya fuko, na mwalimu yule hakuwa hata na shamba. Lakini hakuwa mtu mbaya. Hakugusa mjane wala mgonjwa, na ukimlinganisha na wale tunaowapigia kura, Lennox ungeweza kumwachia chenji yako ukaenda msalani.

Basi alikuwa akipita vyumbani kuangalia nani ameacha swichi wazi, akaona mwanga chumba nambari saba. Huko alikaa Igoki, msichana wa Meru mwenye miwani, aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na kuambiwa na wakubwa asubiri. Alikuwa angali anasubiri, lakini si kwa mikono mitupu.

"Igoki, hiyo stima umeitoa wapi peke yako?"

"Ni betri, Anko. Na inaisha, kwa hivyo kama ni hadithi, ifanye fupi."

Lennox akainama kwenye kompyuta. Akaona kimashine kimechorwa, kisanduku cha samawati chenye vifungo vinne na kilele cha mlima juu yake.

"Hii ni nini?"

"Kirimaara," Igoki akasema. Hilo ndilo jina ambalo Wameru huupa Mlima Kenya. "Ni mashine ya gemu. Nimeitengeneza mimi."

"Wewe? Iko wapi tuishike?"

"Haiko."

"Iko njiani."

"Haiko njiani, Anko. Haiko mahali popote. Ni ya kufikiria tu. Nimekaa chini nikaamua ingekuwa na skrini ya ukubwa gani, vifungo vingapi, kumbukumbu kidogo kiasi gani. Halafu nikaandika programu inayofanya kompyuta ijifanye ndiyo hiyo mashine. Watu wanaopenda kutunga gemu zao wanaichukua, wanatunga."

"Watu wangapi?"

"Elfu tatu na kitu. Brazili, Polandi, Japani. Mmoja ako Chuka."

Lennox akavuta ndoo, akaikalia.

"Na wanajua haiko?"

"Hiyo ndiyo raha yenyewe. Iko na rangi kumi na sita pekee. Ukipewa rangi milioni, unakaa mwaka mzima ukichagua. Ukipewa kumi na sita, unaanza kazi leo. Wananiomba niongeze kumbukumbu, nakataa."

"Unawanyima kitu ambacho hakiko."

"Eeh. Na wanashukuru. Huyu wa Brazili ameandika leo kulalamika kwamba kifungo cha tatu kiko mbali na kidole gumba."

"Analalamikia kifungo cha mashine isiyokuwepo."

"Na hajakosea. Nitakisongeza."

Kwa miaka ishirini alikuwa amewauzia watu hewa, na kila mara ilimbidi awafiche kwamba ni hewa, kisha ahame mtaa. Na hapa, chumba nambari saba, kwenye godoro, palikuwa na mtoto wa watu aliyewaambia wateja wake waziwazi kwamba ni hewa, nao wakamwomba aisongeze kidogo kushoto. Alimtazama Igoki kama fundi baiskeli anavyomtazama rubani.

"Na unawauzia namna gani?"

"Siuzi. Nawapa bure."

Hapo Lennox akatikisa kichwa kwa huruma. Vijana wetu wana akili, akawaza, ila hawana mtu wa kuwaongoza. Akaomba ile picha ya kimashine. Igoki akamtumia kwenye simu, akarudia kusongeza kifungo chake.

Sasa, Lennox hakuwa akitafuta mali. Alikuwa akitafuta kondoo.

Gladys aliuza nduma katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Walijuana pale Lennox alipojaribu kumuuzia kibanda katika soko jipya ambalo serikali ilikuwa imesema itajenga. Gladys alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa makini, kisha akamuuzia gunia la nduma ambalo tabaka la juu pekee ndilo lilikuwa zima. Tangu siku hiyo walipendana. Baada ya miaka miwili Gladys alikuwa ameweka sharti: Jumamosi tarehe kumi na nne, Lennox afike kwao Timau kwa baba yake, Mzee Mutugi, na afike na mwati. Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa, mzima, asiye na kilema. Bila huyo, wazee hawafungui mdomo.

"Na awe anatafuna majani, Lennox," Gladys alimwambia, akipanga nduma bila kumtazama. "Nakujua. Sitaki picha, sitaki ahadi, sitaki kondoo ambaye ako bandarini. Baba ameshaita wazee. Ukija mikono mitupu, usipite tena mbele ya hii meza."

Mtu mwingine angenunua kondoo. Lakini mfuko wa Lennox ulikuwa mwepesi, na zaidi ya hayo palikuwa na swali la heshima ya kazi. Alikuwa na siku kumi na moja, na sasa alikuwa na mashine.

Aliyemchagua alikuwa Nyamu, aliyestaafu uchifu, mwenye boma ng'ambo ya shamba kubwa la ngano linalopakana na boma la Mutugi kule Timau, na kondoo wengi kuliko waumini wa kanisa lake. Nyamu alikuwa chifu miaka thelathini. Katika muda huo lokesheni yake ilipata zahanati, daraja na kisima, vyote kwenye karatasi, na mpaka leo mgonjwa wa huko hubebwa kwa machela akapitishwa mbele ya kibao cha zahanati ili angalau asome. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu waliopaswa kumuuliza walikuwa na zahanati zao za namna hiyo hiyo. Tangu astaafu, jambo moja tu ndilo lililomkera. Watu walikuwa hawasimami tena akipita.

Lennox alilijua hilo kutoka Gakoromone, ambako Nyamu alileta viazi na kuondoka amenuna. Kwa hivyo Jumatano ya tarehe kumi na moja alifika bomani, akavua kofia katika ile baridi ya Timau inayokata masikio, akasimama. Aliambiwa akae mara tatu ndipo akakaa.

"Chifu," akasema.

"Nilistaafu."

"Ofisini, ndiyo. Machoni pangu, bado."

Nyamu akaita chai.

Lennox akatoa picha ya Kirimaara, imechapishwa kwenye karatasi ngumu. "Chifu, tazama hii. Haiharibiki. Haishiki kutu. Haiibiwi. Ukiiangusha, haivunjiki. Na haihitaji stoo."

Hapo msomaji utambue kwamba kwa mara ya kwanza maishani Lennox alikuwa akimwambia mteja ukweli mtupu, na alitembea katika ukweli huo kwa shida, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

"Ina kilo ngapi?"

"Haina kilo."

Nyamu akaweka kikombe chini. "Kijana. Hii mashine iko?"

Swali hilo Lennox alikuwa amelitayarishia majibu manne, yote yakiwa na meli ndani yake. Akamtazama mzee machoni, akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mzee hakuwa akiuliza kama mnunuzi. Alikuwa akiuliza kama mtu wa kazi hiyo.

"Haiko, chifu."

"Haiko bado, ama haiko kabisa?"

"Kabisa. Watu elfu tatu wanaitumia, na hakuna hata mmoja ameuliza iko wapi."

Nyamu akaigeuza ile picha nyuma. "Sisi ile zahanati," akasema polepole, "kuna waliouliza."

"Ndiyo tofauti, chifu. Sasa angalia. Mashine inaitwa kwa jina la mlima huu. Iko Japani, iko Brazili. Na mlima wenyewe hauna mwakilishi. Wageni wakija kuona jina limetoka wapi, watapiga hodi kwa nani?"

"Watakuja?"

"Mtu akipenda kitu, si hutaka kuona kwao?"

"Na wakija," Nyamu akasema, akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, "watasimama?"

"Chifu, Wajapani hawasimami tu. Wanainama."

Biashara iliishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa adabu tu. Lennox akaeleza kwamba wenye mashine hawataki pesa, wanataka ishara, na kwa kuwa yeye ndiye mjumbe, ishara inayofaa ni mwati mmoja, safi, asiye na dosari.

"Na utampeleka wapi?" Nyamu akauliza.

Lennox angeweza kusema ukweli. Angesema, nampeleka hapa ng'ambo ya ngano, kwa Mutugi, naoa. Ukweli huo haungemgharimu hata senti. Lakini alikuwa ameshasema kweli nyingi mno kwa siku moja, na ulimi ukataka kupumzika.

"Runyenjes," akasema. "Kwa shangazi."

"Runyenjes ni mbali."

"Mbali kabisa."

"Na huko wanajua kondoo wa huku?"

"Chifu, huko hata baridi hawaijui."

Uso wa Nyamu ukachangamka. Aliinuka mwenyewe, akapita zizi la mbele lililojaa kondoo, akaenda nyuma ya ghala, akafungua kijibanda chenye kufuli na kumtoa mwati mmoja mweupe, mnene, mwenye macho ya upole. Lennox aliona ameheshimiwa, mzee ameacha wa hadharani akamtolea aliyefichwa. Naye akatoa cheti: Mwakilishi Mkuu wa Kirimaara, Mlima Wote na Viunga Vyake. Muhuri ulikuwa ule wa risiti za nyumba kule Dallas, lakini aliupiga kwa kuupindisha.

Jumamosi ilifika. Lennox alivaa koti. Aliandamana na mjomba wake Gachoki, mzee mkweli ambaye katika ukoo wao alitazamwa kama kasoro. Wazee watano walikuwa wamekaa uani. Mzee Mutugi, baba yake Gladys, mtu mrefu wa maneno machache, akawasalimu, "Muuga." Ednah, mama yake Gladys, alikuwa amesimama na leso mpya mikononi ili ampokee mwati vile inavyopasa. Gladys alikuwa mlangoni pa jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama Lennox kama mtu aliyetimiza neno.

Gachoki akafungua kamba langoni. Mwati akaingia.

Hakusimama kupokelewa. Alimpita Ednah na leso yake, akawapita wazee, akazunguka ghala upande wa kushoto, akainamisha kichwa kupita chini ya kamba ya nguo, akaenda mpaka kwenye tairi lililokatwa, lile ambalo Ednah huwawekea kondoo chumvi. Tairi lilikuwa tupu. Mwati akaligonga kwa kwato, akageuka akamtazama Ednah, kama mteja wa zamani anavyomtazama mwenye hoteli.

Mutugi akaenda pale, akamshika mwati sikio, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Mkwe," akasema, na neno hilo alilishika kama mtu anavyoshika sufuria ya moto. "Huyu umemtoa wapi?"

"Runyenjes, baba. Kwa shangazi."

"Shangazi gani?" akauliza Gachoki.

"Huko Runyenjes," Mutugi akaendelea, "pia mnakata sikio la kushoto, kwa chini, mara mbili?"

Kila boma upande ule lina mkato wake wa sikio, na huo ulikuwa mkato wa Mutugi, ameukata yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia, nyasi zilipomwishia, alikuwa amemweka mwanakondoo huyo kwa rafiki yake Nyamu, kama watu wa huku walivyofanya tangu zamani: mnyama hukaa kwa rafiki, rafiki humlisha, na hakuna karatasi inayoandikwa, kwa sababu ukiandika ni kama umesema humwamini. Mwezi wa kumi Nyamu alikuja, kofia mkononi, akasema fisi amemla. Mutugi alimpa chai. Alimpa na pole, kwa usumbufu ambao mwanakondoo wake alikuwa amemletea chifu.

"Lennox." Ilikuwa sauti ya Gladys, ya chini. "Leo pekee. Sema vile ilikuwa."

Lennox akatazama lango. Lilikuwa wazi na miguu yake ilikuwa mizima, na maishani mwake hakuwahi kukutana na shida ambayo miguu haikuitatua. Kisha akamtazama Gladys. Akavua kofia.

"Nimempata kwa chifu Nyamu. Nilimpa mashine."

"Mashine ya kusaga?" akauliza mzee mmoja.

"Ya gemu."

"Na iko wapi?"

"Haiko."

"Ulimpa mashine ambayo haiko."

"Na nilimwambia haiko, wazee wangu. Nilimwambia waziwazi. Akanipa kondoo."

Wazee wakatazamana. "Afadhali ile ya Runyenjes," mmoja akasema. "Hiyo angalau ilikuwa na shangazi."

Kwa mara ya kwanza Lennox Ndwiga alikuwa amesema ukweli wote, mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtu hata mmoja uani aliyeununua. Ikabidi ampigie Igoki simu, akaiweka sauti ya juu katikati ya wazee.

"Igoki, nina wazee hapa. Waambie. Kirimaara iko?"

"Haiko, Anko. Si nilikuambia."

"Imewahi kuwa?" akauliza Mutugi, akiinamia simu.

"Haijawahi, mzee. Lakini inafanya kazi vizuri. Kile kifungo nimesharekebisha."

Wazee wakaomba simu izimwe kwanza ili wapumzike. Kisha wakamtuma mtu kwa Nyamu.

Nyamu alikuja amevaa lile koti lake la kazi, la vifungo vya shaba, na cheti mkononi. Hakumwangalia kondoo.

"Mutugi, yule wako alikufa."

"Huyu hapa analamba tairi."

"Sikiza. Huyu kijana ameniuzia mashine ambayo haiko. Sasa kitu ambacho hakiko unakilipia na kondoo ambaye yuko? Hiyo ingekuwa ujinga. Nilimpa ambaye hayuko."

Wazee walilitafakari hilo, kwa sababu lilikuwa na sura ya hoja.

"Na fisi?" akauliza Ednah.

"Fisi pia hakuwepo," akakiri Nyamu.

Kesi yake ilikatwa upesi. Alitozwa kondoo dume, na dume huyo akaletwa, akachinjwa na kuliwa jioni hiyo hiyo, na hicho nadhani ndicho kitu cha kwanza ambacho Nyamu aliwatolea wananchi wa Timau wakakishika kwa mikono yao. Hata hivyo alikwenda zake na koti lake akiwa ameinua kichwa, na cheti amekitundika sebuleni. Wa kumpokonya uwakilishi hakupatikana, maana wakubwa wa huku ukishawapa cheo cha kitu kisichokuwepo, hakuna ofisi ya kwenda kukirudisha.

Iliyobaki ni kesi ya Lennox, na hiyo ndiyo imewashinda wazee.

Ednah anasema hakuleta kitu. Mtu hawezi kumlipa mwenye mali kwa mali yake. Gachoki anasema, kwa ukweli wake ule unaowachosha watu, kwamba boma hili lilikuwa limeshamlilia huyo kondoo na kumsahau, na kama si Lennox angezeeka kwenye kijibanda cha chifu. Aliyemrudisha mtu kutoka kaburini aambiwe ameleta nini? Mzee mwingine akaongeza kwamba lile neno la Runyenjes ndilo lililomfanya Nyamu amtoe huyo na si mwingine, kwa hivyo uongo wa Lennox ndio uliomkamata mwizi, na je, uongo wa namna hiyo huhesabiwa upande gani? Mutugi husikiliza wote, kisha husema, "Nimepewa kilicho changu," na hakuna anayejua kama analalamika au anashukuru.

Lennox alijitolea kutafuta mwati mwingine, wa kununua, na hapo ndipo ilionekana jinsi alivyobadilika. Wazee wakamkataza. Akileta wa pili kabla hawajaamua, na baadaye wakaamua kwamba wa kwanza alihesabika, atakuwa ametoa mwati mara mbili kwa mwanamke mmoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana, na hawataki lianzie kwao.

Kwa hivyo kila Alhamisi anapanda kutoka Embu hadi Gakoromone. Gladys hajamfukuza mezani pake. Hajampa kiti pia. Humpa magunia abebe, na Lennox huyabeba, na mteja akiuliza kama nduma ni nzuri humwambia hizi za juu ni nzuri, za chini angalia mwenyewe. Gladys husikia hayo akageuka upande mwingine, na akigeukia huko huwezi kujua kama anacheka.

Wazee wamekaa mara nne. Katika kikao cha tatu ilionekana kwamba yule kondoo ana mimba ya dume la Mutugi, na Desemba akazaa, kwa hivyo hata jina la mwati halimfai tena. Kikao cha tano kimepangwa Januari, baridi ikipungua. Kondoo anatafuna majani uani, mtoto wake kando, na aliyeomba kumwona akitafuna amemwona. Sasa, wewe unayesoma, na wewe si mzee wa Timau kwa hivyo labda una haraka kidogo: Gladys alipelekewa mwati, au hakupelekewa?